Mlei na Shahada ya Uchungaji

Mlei Mkatoliki anayejiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya uchungaji huwa ameshaanza utume muda mrefu. Amefundisha wakatekumeni, ameongoza vijana wa parokia, amepeleka Komunyo kwa wagonjwa, na nyumbani ana watoto wa kusomesha. Kama ubatizo na kipaimara vimekwisha kumshirikisha katika utume wa Kanisa, kama ulivyofundisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 katika hati yake juu ya utume wa walei, chuo kikuu kinamwongezea nini?

Kwa karne nyingi swali hilo halikuwa na mtu wa kuuliza, kwa sababu teolojia ilisomwa seminarini na waliosoma seminarini walikuwa wanaume waliojiandaa kwa upadri. Nchini Marekani, ambako masomo haya ya walei yameenea sana, mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtawa. Mwaka 1943 Sista Madeleva Wolff, rais wa Chuo cha Saint Mary's huko Indiana, alianzisha chuoni hapo shule ya teolojia iliyowapa wanawake shahada za juu hadi udaktari, wakati ambapo vitivo vya teolojia vya Kikatoliki nchini humo vilikuwa haviwapokei. Mwaka huohuo Papa Pius XII alitoa waraka Divino Afflante Spiritu, uliowaruhusu wataalamu Wakatoliki kuyachunguza Maandiko kwa mbinu za historia na lugha. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, ila mlei anayesoma leo anayakuta yote mawili katika darasa moja.

Sheria ilifuata baadaye. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unampa mlei, katika kanuni ya 229, haki ya kusoma elimu takatifu katika vyuo vikuu vya Kanisa na kutunukiwa shahada. Kanuni ya 231 inageuza upande wa pili: mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, iwe ya kudumu au ya muda, anawajibika kupata malezi yanayomfaa. Maaskofu wa Marekani waliyaweka hayo katika mwongozo wao wa mwaka 2005, wakati parokia zao zilikuwa zimeajiri wahudumu wasio na daraja zaidi ya 30,000, wengi wao wanawake. Mwongozo huo unataja nguzo nne za malezi: ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Nguzo hizo zimetoka katika waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1992 kuhusu malezi ya mapadri, na hilo linaonyesha jinsi Kanisa lilivyokuwa bado halijapata namna nyingine ya kumfikiria mtu anayeandaliwa kwa huduma.

Ngazi za masomo yenyewe ni hasa mbili. Shahada ya uzamili ya uchungaji huchukua kama miaka miwili kwa anayesoma kutwa. Ile ndefu zaidi, iliyo sawa na masomo ya mseminari, huchukua mitatu. Mwenye kazi na familia husoma jioni, mwishoni mwa wiki au kwa mtandao, na muda huo huongezeka maradufu kwa urahisi.

Mshtuko wa kwanza huwa ni Maandiko. Mtu aliyesoma Mwanzo tangu utotoni anaonyeshwa kwamba sura ya kwanza na ya pili zinasimulia uumbaji kwa namna mbili: katika ya kwanza mwanadamu anaumbwa mwisho, mume na mke kwa pamoja, katika ya pili mwanamume anaumbwa kabla ya wanyama, na mwanamke baada yao. Anaambiwa pia kwamba kitabu cha Isaya kimebeba sauti za nyakati tofauti, baadhi kabla ya uhamisho wa Babeli na baadhi baada yake. Kijana wa miaka ishirini hulipokea hilo kama somo jingine la kufanyia mtihani. Mtu wa miaka hamsini amewazika wazazi wake akishika maneno ya kitabu hicho, kwa hiyo linamgusa mahali pengine kabisa. Wapo wanaokasirika, na wapo wanaoanza kuwadharau wenzao wa jumuiya ambao hawajasikia hayo. Hatari hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa haimuumi aliye nayo.

Tomaso wa Akwino aliligusa jambo hili katika swali la kwanza kabisa la Summa Theologiae, aliposema kwamba kuna namna mbili za kuhukumu kwa hekima. Mwenye fadhila huhukumu sawasawa mambo ya fadhila kwa sababu moyo wake umeshaelekea huko. Aliyesoma elimu ya maadili naye anaweza kuyahukumu, hata kama fadhila yenyewe hana. Hekima ya kwanza, kwa Tomaso, ni kipaji cha Roho Mtakatifu. Teolojia ni ile ya pili, inayopatikana kwa kusoma. Mgawanyo huo unaeleza vizuri hali ya mlei mtu mzima. Mara nyingi huja chuoni akiwa na ya kwanza, na chuo hakina uwezo wa kumpa wala kumnyang'anya. Kinachoweza kumpa ni sababu na maneno: kujua kwa nini anaamini alivyoamini, mahali Kanisa liliposema hivyo, na lipi lilikuwa ni zoea la kijijini kwake tu.

Darasani, hata hivyo, namna hizo mbili hazikai mbalimbali, na pengine hakuna mahali zinapogongana kama katika mafunzo ya uchungaji wa hospitalini. Chimbuko lake ni mwaka 1925, Anton Boisen, mchungaji Mprotestanti aliyewahi yeye mwenyewe kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alipoanza kuwafundisha wanafunzi wa teolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Kipindi kimoja cha mafunzo hayo kwa kawaida ni saa kama 400. Mwanafunzi humtembelea mgonjwa, kisha huandika kwa kumbukumbu mazungumzo yote, neno kwa neno kadiri awezavyo, pamoja na alichohisi. Karatasi hiyo husomwa mbele ya msimamizi na wenzake. Tuseme mgonjwa alisema, "Usiku silali, nawaza wanangu," na mwanafunzi akajibu, "Mungu ni mwema, tusali." Kundi halitabishana naye kuhusu wema wa Mungu. Litamuuliza kwa nini alikimbilia sala kabla ya kuuliza wanawe ni wangapi, na ni nani hasa aliyetulizwa na sala ile. Katika maswali kama hayo mtu hugundua kwamba miaka yake mingi ya utume ilimfundisha mengi mema, na pia ilimjengea mbinu chache za kujificha.

Kuna ambayo shahada haitoi. Haitoi daraja, wala haimpi mtu cheo: ni askofu anayemwidhinisha mhudumu, na parokiani ni paroko anayeamua amtumie vipi. Mwanamke aliyesoma somo la kuhubiri pamoja na waseminari, akawazidi, bado hatatoa homilia katika Misa, kwa kuwa kanuni ya 767 imeihifadhi kwa padri au shemasi. Kanuni ya 231 inataja ujira wa haki na bima kwa walei walioajiriwa na Kanisa, lakini kati ya kanuni na mfuko wa parokia pana umbali. Wengi hulipa ada wenyewe kwa kazi ambayo mshahara wake hautairudisha. Kuita hali hiyo sadaka ni sahihi pale tu mwenyewe alipoichagua.

Afrika Mashariki mambo yamepinduka. Taasisi ya kichungaji ya AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, iliyoanzia Gaba, Uganda, kisha ikahamia Eldoret, Kenya, imewasomesha mapadri, watawa na walei, lakini mhimili wa utume vigangoni ni katekista, ambaye kwa kawaida amepitia chuo cha katekesi na hakufika chuo kikuu. Ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili padri asipokuwepo, anayezika, anayepatanisha. Mtaguso, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya umisionari, uliagiza aandaliwe vizuri na apewe riziki ya kumtosha. Papa Fransisko mwaka 2021 akaifanya kazi yake kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Kule Marekani kuna walei wenye shahada wanaotafuta nafasi. Huku nafasi imejaa kazi, na anayeifanya ndiye mara nyingi anayekosa nauli ya kwenda semina ya wiki moja.