Aliyeitikia Kila Neno Salamanca

Mjini Arusha, mwongoza watalii anayejua Kiingereza peke yake ana wenzake wengi mno. Anayejua Kihispania hutafutwa kwa simu hata siku ya mapumziko. Wageni kutoka Hispania, Meksiko na Argentina wakifika Serengeti hupenda kuelezwa habari za simba na nyumbu kwa lugha yao, na kampuni ziko tayari kumlipa zaidi anayeweza. Kijana mmoja ninayemfahamu aliweka akiba misimu kadhaa, akauza na pikipiki yake, akaenda Salamanca kusoma. Jina lake silitaji. Kisa chake nakisimulia kwa ridhaa yake, kwa ajili ya wadogo zake wa kazi wanaopanga safari kama ile.

Mji aliuchagua vizuri. Chuo Kikuu cha Salamanca kilianzishwa mwaka 1218 na Mfalme Alfonso wa Tisa wa León, na kati ya vyuo vikuu vya Hispania vinavyofundisha hadi leo hakuna kilichokitangulia. Mjini humo ndimo Antonio de Nebrija alimotoa sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania, mwaka 1492, sarufi ya kwanza ya lugha hiyo kuchapishwa. Majengo ya kale ni ya jiwe la Villamayor, ambalo ni laini linapotoka machimboni, kisha hukauka likawa gumu. Ndiyo maana mafundi waliweza kujaza nakshi ukuta mzima, na jua la jioni likiupiga unageuka rangi ya dhahabu. Wanafunzi wa Kihispania huja huko kutoka kila pembe ya dunia. Wenyeji wamezoea kusikia lugha yao ikivunjwavunjwa, na wengi wana subira.

Subira hiyo kijana wetu hakuitumia.

Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane, na chakula cha mchana wakila pamoja. Darasani alikuwa hodari: vitenzi alivinyambua bila kukosea, mitihani ya maandishi alifaulu. Mezani mambo yalikuwa mengine. Mama yule alisema haraka, huku akikata mkate, huku redio nayo inasema. Kijana alidaka neno hapa na neno pale, na palipomponyoka aliinamisha kichwa, akatabasamu: “Sí, sí.” Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamkatizi mkubwa anapozungumza, na kumwambia mama wa watu “sijaelewa, tafadhali rudia” mara tatu katika mlo mmoja kunaonekana utovu wa adabu. Hapa nataka tukae kidogo, maana wengi wetu ndipo tunapoangukia. Yeye aliamini anatunza heshima. Mama naye aliamini anaeleweka, wala hakueleweka. Kumwitikia mtu kwa jambo usilolielewa ni kumdanganya, hata kama umeinamisha kichwa.

Dalili zilikuja mapema. Jumapili moja alirudi akakuta mlango umefungwa, akakaa ngazini hadi usiku. Mama alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atakwenda kijijini kwa dada yake, achukue ufunguo wa akiba kwenye droo ya jikoni. Naye alikuwa ameitikia. Kisa hicho akakigeuza kichekesho cha kuwasimulia wenzake darasani.

Alasiri nyingine aliteremka hadi daraja la Waroma, juu ya mto Tormes. Hapo darajani pana sanamu ya kale ya jiwe, fahali asiye na kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu alimwona anaipiga picha, akamwita, akaanza kumsimulia, mikono ikienda huku na huko. Alikuwa akimpa kisa cha Lazarillo de Tormes, kitabu kilichochapishwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi. Mvulana maskini anakabidhiwa kwa kipofu ili awe anamwongoza njia. Wanapofika kwenye fahali yule, kipofu anamwambia atege sikio kwenye jiwe, atasikia mvumo mkubwa ndani yake. Mvulana anatega kweli. Kipofu anamgongesha kichwa kwenye jiwe kwa nguvu zake zote, kisha anamcheka, kwamba mtumishi wa kipofu hana budi kuwa mjanja.

Mzee alimaliza, akamuuliza swali. “Sí, sí,” alijibu kijana. Mzee akamtazama, akauliza tena. “Sí.” Basi mzee akageukia mto, mazungumzo yakafia hapo. Kijana alikuwa amemrekodi kwa simu, ndiyo maana najua aliulizwa nini: je, kwenu mnayo hadithi kama hii, na inakwendaje? Mtu aliyekua akisimuliwa habari za Sungura na Fisi na bibi yake! Angekaa pale hadi giza liingie, na Kihispania alichokisafiria kingemjia chenyewe. Sehemu hii ya kisa huniuma kila nikiikumbuka.

Na chuo chenyewe cha Salamanca kilisimama juu ya kuuliza. Zamani mwalimu akimaliza somo hakwenda zake; kanuni zilimtaka asimame kwenye nguzo ya ua ili wanafunzi wamjie na mashaka yao. Mtahiniwa wa shahada ya juu alifungiwa usiku kucha katika kikanisa cha Mtakatifu Barbara, ndani ya kanisa kuu la zamani, akijiandaa kukabili maswali ya wakubwa wake asubuhi. Waliofaulu majina yao yaliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za mji, pamoja na alama ya ushindi, na mengine yanasomeka hadi leo. Kijana alizipita kuta hizo kila siku akienda darasani.

Alirudi Arusha na cheti. Kampuni ikampa familia kutoka Hispania, mume na mke na watoto wawili. Asubuhi ya kwanza, wakipakia mizigo kwenye Landkruza, yule mama alimsogelea akamweleza jambo kwa uso mzito. Kijana alidaka “alérgica”, kisha neno asilolijua, “cacahuetes”, kisha maneno mengi ya haraka. Anasema alijua wazi kwamba kuna neno limempita, na kwamba neno lenyewe ni muhimu. Lakini punde tu alikuwa amewaambia kwamba amesoma Salamanca, nao wakafurahi sana. Akaona aibu. “Sí, sí, señora.”

Mchana, kambini Karatu, mpishi alimuuliza, “Mdogo wangu, hawa wanakula kila kitu?”

“Wanakula, kaka. Wala usiwe na shaka.”

Mpishi akapakua wali, kuku, na mchicha wa karanga. Mama yule alikula vijiko viwili vya mchicha. Midomo ikaanza kuvimba, sauti ikakwaruza, akashika koo. Mumewe alirukia begi, akatoa sindano ya dharura ya adrenalini, akamchoma pajani juu ya suruali. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Nafuu ilipoanza mume hakukubali kusubiri, kwa kuwa nguvu ya dawa ile huisha na hali inaweza kurudi. Kijana aliendesha hadi hospitali mikono ikimtetemeka kwenye usukani. Mgonjwa alilazwa hadi siku ya pili, akapona.

Kampuni ilimwondoa kwenye orodha ya wageni wa Kihispania kwa msimu mzima, na ilikuwa haki. Lakini usiku ule, kwenye korido ya hospitali, mume alimuuliza polepole, neno moja moja: mke wangu alipokueleza asubuhi, ulimwelewa? Kijana akasema hapana. Mume hakufoka. Aliomba kalamu, akaanza kumwandikia: karanga, cacahuete, korosho, anacardo, ufuta, sésamo. Kila neno alimtaka alitamke kwa sauti, kisha amweleze kwa Kihispania ni vyakula gani vya Tanzania vinatiwa kitu hicho. Kijana alipokwama alisema amekwama, akaelezwa upya. Walipomaliza orodha mume alirudi kwenye karanga, akamwambia kwamba Mmeksiko ataiita cacahuate na Muargentina ataiita maní, kwa hiyo ayaandike yote matatu.