Kuacha kazi kwa hiari: hiari ya nani?

Kwetu Katanga, mutu akitaka kujua wewe ni nani, anauliza kabila, kisha anauliza: «Unatumika wapi?» Swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na si ajabu. Wazee wengi walitoka Kasai, Luapula ao Rwanda, wakaingia kambini, na mule kambini kazi ndiyo iliwapa nyumba, jirani na heshima. Basi tukijiuliza kama ni haki kupanga kazi upya, tusianze na hesabu za kampuni. Tuanze na ile kazi: ilikuwa nini kwa mutu?

Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuchukua vijana kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa na magonjwa. Wengine walirudi kwao. Karibu na mwaka 1928 wakubwa walibadili mpango: mwanaume aje na bibi yake, apewe nyumba na posho, watoto wapimwe uzito, wasome. Vifo vilipungua. Huruma tu? Hapana. Kampuni ilikosa watu, ilitaka watumishi wazima na wenye kutii. Baba wa nyumba akawa naye na baba yake, mwenye kutaka kujua mpaka namna bibi anavyofagia kiwanja. Lakini afya ilipatikana, na watu wakasema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.»

Profesa Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia katika Universite ya Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya hao bana Shaba walioachwa na baba yao. Gécamines, iliyorizi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika 40 000. Mishahara ikachelewa, mwezi juu ya mwezi. Mwaka 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, watumishi wa miaka mingi walipewa njia ya kuondoka: kutia saini, kupokea feza mara moja, kwisha. Walitia saini zaidi ya 10 000. Kwa Kifaransa jambo lile liliitwa «départs volontaires», maana yake kuondoka kwa hiari.

Hiari gani? Mutu hajalipwa miezi na miezi, mtoto amefukuzwa masomo sababu ya feza, deni kwa muuza unga limepita kipimo. Unaweka karatasi mbele yake na unamuambia: chagua. Anachagua, kweli. Kuna wenye kusema hakuna aliyemukamata mukono, na kama kampuni imekufa, kubaki ndani yake pia ni ugonjwa. Tunakubali hiyo ya pili. Hatukatai kwamba kazi ilipaswa kupangwa upya. Tunakataa neno «hiari», kwa sababu ndilo liliondoa deni mabegani mwa wenye kupanga: wewe mwenyewe ulitaka, usilie.

Na mwili haukudanganywa na lile neno. Ile feza ililipa miaka ya kazi. Haikulipa lopitali ya kampuni, haikulipa posho, haikulipa sirene ya asubuhi iliyompangia mutu siku yake miaka zaidi ya ishirini. Kuna walionunua gari la kubeba watu, ao kufungua duka. Kwa wengine madeni ya zamani yalikula yote. Kisha mitaani tukasikia: «Alikufa na mawazo.» Munganga anaandika tansio ao sukari, jirani anasema mawazo. Tusimcheke jirani. Kule London, waganga walifuata afya ya watumishi wa serikali karibu 10 000 tangu mwaka 1985. Idara moja ilipotangaziwa kwamba itauzwa, watu wake walianza kuumwa zaidi mbele hata ya kuondolewa. Kungojea kulitosha.

Desturi zetu zinajua kuvunja. Mwanamuke harudishwi kwao kwa karatasi. Jamaa mbili zinakaa, zinahesabu mali, zinauliza watoto watakula kwa nani, mwenyewe atalala wapi, akiugua nani atamuuguza. Kikao hakina utamu, matusi yanatoka, siku nzima inakwisha. Lakini mwenye kuondoka hahesabiwi peke yake. Saini ya 2003 ilikuwa ya mutu mmoja, ingawa posho na nyumba vilikuwa vya jamaa nzima. Nao mamama, ambao kalamu haikuwafikia, ndio waliingia sokoni na mashambani kulisha wale waliobaki wamekaa mlangoni.

Leo, Kolwezi na Lubumbashi, kazi imepangwa upya mara nyingine. Watumishi wengi wa migodi wanavaa kofia ya kampuni kubwa, lakini mkataba wao ni wa kampuni ndogo inayowakodisha, mara nyingi kwa miezi michache. Hao hawana baba wa kuwaacha. Kijana akiumia mgongo kule, mkubwa wa mgodi anamtuma kwa mwenye mkataba, mwenye mkataba anatazama tarehe, na tarehe imekwisha. Kikao cha jamaa kingeanza na nani, kama kila mmoja anasema mtoto si wake?