Unamshauri mwenzio kitabu ambacho wewe hujakisoma?

KATIKA mambo tunayoyachukulia kuwa mepesi ni kumwambia mwenzio, "Kitafute kitabu fulani, ni kizuri sana." Kauli hiyo haigharimu kitu. Anayeisema huonekana msomi, na anayeambiwa huondoka na shukrani. Hata mimi niliichukulia hivyo mpaka nilipoaibika kwetu Kimwani.

Zilikuwa siku za Idd. Nilikuwa nimetoka Bukoba mjini kwenda kuwasalimia jamaa huko kusini mwa Muleba. Baada ya swala ya Adhuhuri tulikaa barazani mwa msikiti, na kijana mmoja akaniuliza asome kitabu gani ili aijue historia ya Uislamu. Nikamtajia kitabu kimoja kinene, jina lake silitaji kwa sababu kosa si la kitabu. Nilikisifu kama mtu aliyekihifadhi. Ukweli ni kwamba kilikuwa kabatini kwangu kwa miaka, na nilichokuwa nimesoma ni dibaji na kurasa chache za mwanzo.

Idd iliyofuata yule kijana alinitafuta. Alikuwa ameuza kahawa, akamwagiza mtu aliyekwenda Dar es Salaam amletee kile kitabu, na alikuwa amekisoma chote. Akafungua ukurasa alioukunja, akasema kwa adabu: "Baba, hapa mwandishi anasema jambo linalopingana na alilolisema mwanzo. Wewe ulilielewa vipi?"

Nikababaika. Nikamjibu kwamba nilikisoma zamani, nimesahau. Huo ulikuwa uongo wa pili, na niliusema hatua chache kutoka mlango wa msikiti. Kijana akakifunga kitabu chake taratibu. "Haya Baba, ukikumbuka utaniambia."

Ndugu msomaji, swali ninalojiuliza tangu siku ile ni hili: nilimkosea nini? Kitabu hakikuwa kibaya. Alikisoma, akafaidika, akawa anajua zaidi yangu. Mtu anaweza kusema kwamba matokeo ni mema, basi yaishe.

La hasha. Kusema "kitabu hiki ni kizuri" ni kutoa ushahidi. Shahidi aliyesema asichokiona hawi mkweli eti kwa sababu jambo limetokea kuwa kweli. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayeombwa ushauri ni mtu aliyeaminiwa. Yule kijana hakuniuliza ni vitabu gani nimevisikia. Aliuliza kwa kuamini kwamba nimeshapita njia ile nikaiona. Kwa imani hiyo alitoa fedha ya kahawa, ambayo huku kwetu ni ya kuvuna mara chache kwa mwaka na ndiyo hiyo hiyo ya karo na ya bati la nyumba.

Wazee wetu walilijua hili. Katika madrasa na misikiti yetu, kuanzia pwani ya Lamu na Unguja hadi huku ziwani, kitabu kama Safinatun-Najaa mwanafunzi hakuambiwa tu akakinunue. Alikaa mbele ya sheikh wakakisoma pamoja, mstari kwa mstari. Sheikh naye alikuwa amekisoma kwa sheikh wake, na wa kwake vivyo hivyo. Hii ndiyo maana ya ijaza: huna ruhusa ya kumpa mwenzio kitabu ambacho wewe hukupewa. Leo tumebakiwa na kupendekeza, kukaa pamoja tumekuacha.

Je, mtu asitaje kitabu mpaka awe amekimaliza? Sivyo. Ipo kauli fupi inayomwokoa mtu: "Nimesikia kikisifiwa, mimi sijakisoma." Kinachotuzuia kuisema ni kiburi tu.

Lakini hata kusoma hakutoshi. Ukikisifu kitabu ukaficha kasoro zake, umefanya kama muuza ndizi anayepanga zilizoiva vizuri juu ya tenga na zilizooza chini. Ngoja nijaribu kwa vitabu ninavyovipenda mwenyewe.

Cha kwanza ni riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alikuwa mtu wa Ukerewe, ila alisoma seminari ya Rubya, hapa hapa Muleba. Aliiandika kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Inasimulia mume na mke waliokosa mtoto, jamaa wakawaingilia, nao wakaing'ang'ania ndoa yao. Nimekaa katika vikao vya suluhu nikaona mke akirudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana naipenda. Lakini nikinyamaza hapo nitakuwa nimekuficha. Ndani yake mna pombe ya ndizi, na mna mganga wa kienyeji. Mwandishi ni Mkatoliki anayesimulia mila za wazee wake. Ukilijua hilo mapema utasoma ukiwa macho. Usipolijua, utakapolikuta utasema nimekupotosha, na utakuwa na haki.

Cha pili ni kitabu cha Mohamed Said kuhusu maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1998, kisha kwa Kiswahili mwaka 2002. Waislamu wengi tulikisoma kwa hamu kwa kuwa kinaeleza juhudi za wazee wetu katika kudai uhuru, juhudi ambazo vitabu vya shule vilizipita juu juu. Nakipenda, na kwa sababu nakipenda lazima niseme kwamba wapo wasiokubaliana na mwandishi. Anayekupa kitabu hicho akakukataza kuwasoma hao wengine amekupa ushabiki, hajakupa elimu. Kisome pamoja na kijitabu cha G. R. Mutahaba cha mwaka 1969 juu ya Ali Migeyo, mpigania uhuru Mwislamu wa huku Buhaya. Nacho kina tabu yake: kimeandikwa kwa Kiingereza, na kukipata dukani ni bahati.

Hapo ndipo linapokuja jambo la mwisho. Sisi wa mijini tunawatajia watu wa vijijini vitabu ambavyo hawana pa kuvipata, kisha tunalalamika kuwa watu hawasomi. Mwenye kitabu kabatini na ndugu yake Kimwani anakitafuta, ushauri wake uwe kukifunga kwenye mfuko na kumpa dereva wa basi. Kama anaogopa hakitarudi, basi na ajiulize kama kweli alimtakia nduguye kheri au alitaka kusifiwa.

Alhamdulillah, kile kitabu kinene nimeshakisoma, mwanzo hadi mwisho. Nimefika ukurasa ule alioukunja kijana. Ni kweli, mwandishi anajipinga, na mimi pia sikuelewa kwa nini. Insha Allah Idd ijayo nikienda Kimwani nitamwambia hivyo, na nitaanza kwa kumwomba msamaha.