Simu Inayolia Mara Moja na Kukatika

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wababa, wamama na vijana. Leo sitasema habari ya funga wala ya mirathi. Nitasema habari ya simu, kwa sababu feza za watu wa hapa Gety zinaliwa ndani ya simu, na kati ya wanaoliwa kuna wajane.

Naanza na nafsi yangu. Mtoto wa dada yangu alivuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakati maelfu ya watu wa Ituri walipokimbilia Uganda. Tangu alipotoka kambini Kyangwali hatujapata habari yake. Usiku mmoja baada ya Isha simu yangu ikalia mara moja, ikakatika. Nikatazama: namba ndefu ya inje, siijui. Moyo ukasema, ni yeye. Nikapiga. Nikasikia mlio wa kuita, kisha muziki, kisha mwanamke anasema kwa lugha nisiyoijua. Nikashika simu sikioni nikingoja, nikidhani wanakwenda kumwita. Ikakatika. Yunite zote zimekwisha, zile nilizonunua asubuhi ili niulize hali ya mgonjwa wetu Bunia. Kesho yake nilimwonyesha mwanafunzi mmoja wa madrasa ile namba. Akasema: «Mwalimu, hiyo haiko ya Uganda. Ya Uganda inaanzaka na 256.» Mtoto wa miaka 12 anajua, na mimi mwenye kumfundisha alifu na bee nilikuwa sijui.

Hila yenyewe iko hivi. Mtu ana mashine inayoita maelfu ya namba, moja baada ya nyingine. Inalia mara moja, inakata kabla hujapokea. Yeye hapotezi kitu, maana simu isiyopokelewa hailipiwi. Anangoja wewe urudishe. Ukirudisha, unaangukia kwenye namba ambayo dakika yake ni ya bei kubwa sana, na sehemu ya feza hiyo inaingia mfukoni mwake. Ndiyo maana ya ule muziki na yule mwanamke: kazi yao ni kukushika usikate. Hata ule mlio wa kuita mara nyingine ni wa uongo, wewe unafikiri simu haijapokelewa, kumbe unahesabiwa zamani. Wajapani, ambao waliijua hila hii mapema miaka ya 2000, waliiita wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwaonya raia wake kwa ajili ya simu za namna hii zilizoonyesha 222, namba ya Mauritania. Basi wasomi wa Marekani nao wanadanganywa. Asione haya mtu wa Gety.

Lakini sisi tunanaswa kwa urahisi zaidi, na sababu yake si ujinga. Kwetu kubipu ni adabu. Mtu hana yunite, anakubipu, wewe mwenye nazo unampigia. Mke anambipu mume, mtoto anambipu mama mukubwa. Yule mwizi ameiba adabu yetu akaifanya mtego. Tena sisi wa Walendu-Bindi tunajua kupotezana. Mapatano na FRPI yalitiwa sahihi hapa hapa Gety tarehe 28 Februari 2020, na hata baada ya hapo kuna nyumba zinazoendelea kumngoja mtu. Mama wa nyumba hiyo simu ikilia usiku, utamwambia nini? Usipige? Siwezi kumwambia hivyo.

Ninalomwambia ni hili: mama, tazama mwanzo wa namba. Kongo ni 243. Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Sudani Kusini 211, Kenya 254, Tanzania 255. Kama ni ya inchi ambayo huna mtu huko, iache. Kama ni ya inchi ambayo una mtu, ngoja kidogo. Anayekutafuta kweli ataita tena, ataandika ujumbe, au atapitia kwa jirani. Akiita tena pokea, kupokea hakuli yunite zako. Na kama ulirudisha ukasikia muziki na maneno usiyoyaelewa, kata mara moja, usione ni ukosefu wa heshima.

Sasa wale wanaoifanya kazi hii. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima yenye jina la wapunjaji wa vipimo, Al-Mutaffifin. Je, dakika si kipimo? Anayekuuzia dakika bila kukutajia bei, tena anakufungia humo kwa uongo, ni mpunjaji hata kama hajawahi kushika mizani. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi, akamkemea mwenyewe kwa nini hakuweka iliyolowana juu watu waione. Na kijana wetu anayeandikisha kadi ya simu kwa jina la mzee asiyejua kusoma, kisha anaiuza kwa mtu asiyemjua, naye ana fungu lake katika dhambi hiyo. Nasema hapa kwa sababu najua yupo.

Jambo moja tena. Kuna wanaosema ukipokea namba fulani utakufa, damu itatoka puani. Maneno hayo yalienea Nigeria mwaka 2004 mpaka kampuni za simu zikalazimika kuyakanusha. Ni uvumi. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuitenda. Simu inakula feza, haiui. Usimtumie mwenzako ujumbe huo.

Baada ya sala ya leo, vijana wawili wa madrasa watakaa karibu na mlango. Wazee na wamama wenye watu inje wawaletee simu zao, zikiwa na moto, waandikiwe majina juu ya namba za watu wao, ili simu ikilia jina lionekane. Ni bure.

Ewe Mola wetu, waliopotea uwarudishe, na waliokwisha kufa uwarehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq.