Deni la Reli
Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard. Hiyo ni miji midogo ya Nebraska, Marekani, iliyopangana kando ya reli kuelekea magharibi. Kampuni ya reli ya Burlington iliipa majina hayo mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwa kufuata alfabeti, kama karani anayepanga mafaili.

Nilipita huko usiku. Treni ya abiria ilisimama Lincoln, kisha Hastings. Katikati haikusimama popote. Nikitazama taa chache dirishani, nilijiuliza: aliyeanzisha mji kwa faida yake ana deni gani kwa wenyeji faida hiyo inapokwisha?

Zamani ningejibu kwamba hana. Kampuni ilitaka mizigo, wakulima walitaka mashamba, wakapatana. Lakini kampuni ilipewa ardhi na serikali, ikaiuza kwa kuwaahidi watu maisha mapya. Walioamini walijenga, wakazaa, wakazika wazee wao palepale. Treni inaweza kuacha kusimama, makaburi hayahami.

Deni lipo, basi. Nami nimo: usiku ule nilifurahi kwamba hatusimami, maana nilitaka kuwahi kufika.