Dawa ya Deni ni Kulipa, Hata kwa Mwenye Safari ya Mbinguni

Mwenye duka anayeibandika methali hii ukutani hana nia ya kuhubiri. Anataka hela zake. Amechoka na daftari lililojaa majina ya watu wanaopitia uchochoro wa nyuma wasionane naye. Lakini maneno hayo yanabeba zaidi ya hasira ya dukani. Yanaliona deni kuwa ugonjwa, na dalili zake tunazijua: mdaiwa huzima simu, hubadili njia ya kwenda kazini, humtuma mtoto mlangoni aseme baba hayupo. Deni lilianza kwa kilo mbili za mchele, sasa limefika kwenye malezi. Wahenga wanasema dawa ni moja. Si maelezo, si kujificha, wala (na hapa sisi Wakristo tunaguswa) si maombi peke yake.

Ipo imani inayotazama mbinguni hadi isimwone mama lishe anayedai. Mtu anaimba kwaya, anatoa sadaka mbele za watu, huku fundi aliyemjengea ukuta anazungushwa kila wiki kwa neno "Mungu atatenda". Nadhani tatizo ni kudhani kwamba umilele unayafanya mambo ya dunia kuwa madogo. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri hadi asubuhi. Yakobo naye anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana. Kumbe hela ya kibarua ina kesi mbinguni! Basi anayeamini hukumu na uzima wa milele ana sababu ya kulipa hata deni lisilo na shahidi wala hati.

Katika Wafalme wa Pili, sura ya 4, kuna mjane ambaye mumewe, mcha Mungu, alikufa akiwa na deni. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tunapenda kuhubiri mafuta yaliyojaza vyombo vya kuazima. Agizo lililofuata tunalipita haraka. Nabii Elisha alimwambia akayauze mafuta hayo, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza ulitoka kwa Mungu, lakini mjane ilimbidi aende sokoni. Tena tazama, kudaiwa kwa marehemu hakukumwondolea ucha Mungu wake. Methali yetu haimlaumu anayekopa. Bila mali kauli wachuuzi wengi wasingefungua biashara kesho. Inamsema asiyelipa.

Atatokea wa kuuliza: si Kristo amekwisha kulipa deni letu? Amelipa. Lakini Paulo, mhubiri wa neema kuliko wote, alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama mtu huyo anadaiwa chochote, yeye atalipa. Neema ilimfanya abebe hata deni lisilo lake. Zakayo mtoza ushuru naye, siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Waliouelewa mfano huo hapa kwetu ni ndugu wa Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Walijulikana kwa kurudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani ambayo pengine hakuna aliyekuwa akiyadai. Majirani wasiokanyaga kanisani waliuona wokovu ukirudi na mali yao.

Na asiye na kitu? Kwake methali ni kali, na inahitaji kusomwa pamoja na Mathayo 18, mahali mdai mwenyewe anapokumbushwa kiasi alichosamehewa. Mdai mwenye nafasi anaweza kusamehe. Uamuzi huo ni wake, mdaiwa hana haki ya kujisamehe mwenyewe. Asiyeweza kulipa leo anaweza kwenda kwa miguu yake, aseme hali yake, aache kidogo alicho nacho.

Yesu alisema anayekumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Kama muuza mboga anakudai, mlipe Jumamosi, ndipo uhesabu sadaka ya Jumapili.