Lesoni la 9: Ukuta Kando ya Dari

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni la Juma Hili: Ayu. 38:8–11, Kum. 22:8, Eze. 34:17–19, Lk. 13:1–5, Lk. 21:25–28, Yer. 32:6–15.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 22:8. Lisome katika Biblia yako kila siku, kisha litamke bila kutazama.

Mwaka 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishuka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, nao watu wa Mtwara na Lindi wakanusurika. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, na mvua za siku hizo zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Hiyo ndiyo barabara wanayoipita wasafiri wengi wa Masasi na Newala.

Mtu wa Newala aweza kusema, “Bahari iko mbali nasi.” Juma hili tunauliza: mwamini anayeishi kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huku akimngoja Bwana, anadaiwa nini na jirani yake wa pwani?

JUMAPILI: Malango ya Bahari

Soma Ayubu 38:8–11. Mungu anajieleza kuwa amefanya nini juu ya bahari?

Bwana anamwambia Ayubu kwamba ni Yeye aliyeiwekea bahari mpaka na malango, akayaamuru mawimbi yasipite hapo. Katika pwani yetu tunaweza kuona baadhi ya vizuizi hivyo kwa macho: miamba ya matumbawe, majani ya baharini, na misitu ya mikoko. Mizizi ya mikoko hupunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika kijijini. Hushika tope lisichukuliwe na maji. Samaki wadogo na kamba hukulia humo, na mvuvi huwavuna baadaye.

Mikoko ikikatwa kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa, wimbi lile lile hufika likiwa na nguvu zaidi. Ni nani basi aliyeliondoa komeo?

JUMATATU: Damu Juu ya Nyumba

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu alijali namna mtu anavyojenga dari lake?

Dari la Mwisraeli lilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake. Mungu aliagiza lizungushiwe ukuta, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tuangalie mambo matatu. Ukuta ulijengwa kabla ya ajali. Ulimgharimu mwenye nyumba, lakini ulimkinga hata mgeni. Tena, kutokujenga kulihesabiwa kuwa hatia, hata kama mwenye nyumba hakumsukuma mtu.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Torati inakwenda mbali zaidi: ufa usiozibwa unaweza kuchukua uhai wa mtu mwingine, na Mungu anauliza habari zake.

JUMANNE: Maji Yaliyokanyagwa

Soma Ezekieli 34:17–19. Kondoo walionenepa wanalaumiwa kwa kosa gani?

Hawalaumiwi kwa kunywa. Wanalaumiwa kwa sababu, wakiisha kushiba, huyatibua kwa miguu maji yaliyobaki, na wenzao hunywa tope.

Watu wa Newala wanaijua thamani ya maji. Juu ya uwanda maji huzama katika udongo wa kichanga, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuyatafuta. Maji yanayoteremka upande wa kusini huingia Ruvuma, na mto huo humwaga baharini ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mto Lukuledi hupokea maji ya upande wa Masasi na kuishia katika ghuba ya Lindi.

Mteremko ukichomwa moto na kulimwa bila matuta, mvua hubeba udongo wake hadi pwani. Mkoko hupenda tope, lakini udongo mwingi unaokuja kwa ghafla hufunika mizizi yake ya kupumulia, nao hufa. Hivyo mkulima wa mikorosho ambaye hajawahi kuiona bahari anaweza kuubomoa ukuta wa mvuvi, au kuusimamisha.

Je, ni nani anayekunywa maji baada yako?

JUMATANO: Shamba Wakati wa Mazingiwa

Soma Luka 21:25–28 na Yeremia 32:6–15. Kwa nini nabii aliyejua kuwa mji utaanguka alinunua shamba?

Wako wanaosema, “Uvumi wa bahari ni dalili ya siku za mwisho. Kupanda mikoko ni kupoteza muda.” Kweli, Yesu alitaja uvumi wa bahari, naye akatuagiza tuinue vichwa vyetu. Hakutuagiza tukunje mikono. Yeremia alilipa fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, huku jeshi la Babeli likiuzingira Yerusalemu. Kazi ya mikono yake ilikuwa ushuhuda kwamba Mungu hajaiacha nchi.

Dalili hazikutolewa ili tumtazame jirani akizama huku tukihesabu unabii. Anayejua kuwa dhoruba inakuja ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kujenga ukuta.

ALHAMISI: Mche Mahali Pake

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, kisha hudondoka na kushika tope. Lakini kila aina ina mahali pake. Miche mingi hufa kwa kupandwa chini mno, inakofunikwa na maji muda mrefu. Mara nyingine kazi iliyo bora ni kuzuia ukataji na kufungua njia ya maji, ili mbegu zirudi zenyewe. Upendo nao huuliza kwanza kabla ya kutenda.

Makanisa ya bara na ya pwani yaweza kushirikiana. Watafuta Njia wa Masasi wapande miti kando ya vijito na kufundisha kilimo cha matuta. Wenzao wa Lindi na Mtwara waongozwe na wavuvi, kwa idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko ni misitu ya hifadhi. Kazi hiyo ipangwe Jumapili.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika Wazee na Manabii, Ellen G. White anaeleza kwamba Adamu na Hawa walipewa kazi ya kuitunza bustani kama mbaraka. Linganisha na Mwanzo 2:15.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Luka 13:1–5. Tumjibuje anayesema waliopigwa na kimbunga walikuwa wenye dhambi kuliko sisi?

2. Boriti, kuni na mkaa tunaotumia hutoka wapi? Tukibadili, ni nani katika kanisa letu atakayeumia, nasi tutamsaidiaje?

3. Taja “ukuta” mmoja ambao darasa lenu laweza kuujenga kabla ya mvua za masika. Nani atauanza, na lini?